Vishingo wa Harusi ya Mishi

Ijumaa, 8 Januari 1965

Sauti ya kuhema. Haijanitoka tangu juzi. Jogoo mweupe, mdomo wazi, koo likipwita, hah, hah, hah, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Kisha akaanguka ubavu, na mwenzake wa pembeni akaendeleza palepale alipoachia.

Nimefagia banda. Nimebadilisha maji, na kabla ya Adhuhuri nimeyabadilisha tena. Nimechanganya pumba, machicha ya nazi, vumbi la dagaa. Mimi nimefunga, wao wanakula, na sote tunahema.

Weupe ni wa Baba. Aliwaona wenzao katika jiko la hoteli moja Diani, anakopeleka madafu, akastaajabu vifua vyao. Akaagiza wake kutoka bara, wakaja kwa lori, kwa ajili ya harusi ya dada yangu Mishi. Wakwe watatoka Kikoneni baada ya Idi, na Baba anataka wale kuku wa kupaka ambao hawajapata kuwaona. Hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia kwamba huko walikozaliwa kuku hawa, watu huvaa sweta saa sita ya mchana. Nimesoma huko. Nimevaa sweta hizo.

Leo amekufa mmoja tu. Siku njema, tunasema.

Jumapili, 10 Januari

Wangu ni wengine. Niwaandike hapa vizuri, maana nyumbani hakuna anayetaka kusikia.

Nilipomaliza shule nilirudi Msambweni na majike weupe wachache, wazito, kapuni, ndani ya treni na baadaye juu ya feri, watu wakinicheka njia nzima. Nikawaweka na jogoo wa kishingo wa jirani. Kishingo ni kuku wetu wa siku zote, asiye na manyoya shingoni, shingo nyekundu tupu kama ya mtu aliyetoka kwa kinyozi mwenye hasira. Watu humcheka. Waganga humtaka. Mgeni hapewi.

Mayai niliwapa kuku wa kienyeji wakalalia. Mwezi wa Novemba vifaranga wakatoka nusu kwa nusu: hawa shingo tupu, hawa shingo ya manyoya. Baba mmoja, mama wa aina moja, chakula kimoja, banda moja. Shuleni tulifundishwa jambo hili kwa njegere, za mikunjo na zisizo na mikunjo, na mimi kwa njaa ya bweni nilikuwa nawaza mbaazi za nazi. Sasa naliona jambo lenyewe likitembea kwa miguu.

Leo saa nane mchana nimekaa kivulini nikawatazama. Wenye manyoya shingoni walikuwa wamelala, mbawa wameziachanisha na mwili, wanahema. Ndugu zao vishingo walikuwa wanachakura. Wanachakura! Jua la kupasua nazi, nao wanatafuta wadudu!

Furaha ilinishika nikasahau kiu. Nilicheka peke yangu, kwa sauti. Mama alichungulia dirishani, akanitazama, akarudi ndani.

Jumanne, 12 Januari

Ami Bakari, mdogo wake Baba, amekuja kutoka Mombasa kufuturu nasi. Amenipatia kiti. Hasemi kazi, anasema kiti. Ukarani, afisi ya mambo ya meli. Wazungu wanaondoka, viti viko wazi, na msichana mwenye cheti hawezi kuachwa anuke mavi ya kuku. Ndivyo alivyosema, huku anachovya mkate wa kumimina.

Baba alimaliza tambi zake kwanza. Kisha akatoa hukumu. Banda lilijengwa liwe ghala la mbata, nazi zetu zilizokaushwa, na sasa mbata zinalala nje. Kama kuku wa banda hili watawalisha wakwe siku ya harusi bila aibu, nibaki nalo. La sivyo, banda lirudie mbata, na mimi nifuatane na Ami.

Hakusema kuku gani, weupe wake au vishingo wangu. Sikumwuliza.

Sitaki kiti. Naliandika mara moja bila kulipamba. Nikifikiria meza, na dirisha, na karatasi za meli za watu wengine, moyo unakuwa mzito kama umetiwa mchanga. Nikifikiria yai lililopasuka ncha na kidomo ndani yake, nataka kukimbia.

Jumatatu, 18 Januari

Joto. Upepo wa kaskazi unafika mpaka mlangoni mwa banda unageuka. Kuta za udongo ni nene. Ndani ni kama chungu kilichofunikwa.

Weupe wawili wamekufa.

Jumamosi, 23 Januari

Nimewashika wangu mmoja mmoja na kupima vifua kwa kiganja. Kishingo ni mpana kuliko ndugu yake wa manyoya. Si mmoja, si wawili. Karibu wote. Nilirudia, nikidhani mkono wangu unanidanganya kwa sababu unapenda. Haukunidanganya.

Nadhani nimeelewa. Mwenye manyoya akisikia joto anaacha kula ili apumue. Mwenye shingo tupu joto linamtoka shingoni, yeye anaendelea kula. Saa ile wengine wanahema, yeye ananenepa. Basi. Ndiyo yote. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na nimeona dunia ni nzuri.

Shangazi Mwanatumu akanikuta hapohapo. Ni dada mkubwa wa Baba, na hapa kwetu hakuna harusi inayopikwa asipokuwa na mwiko mkononi. Nilimwonyesha kifua cha jogoo wangu mkubwa. Akaangalia shingo.

"Huyu? Mbele ya wakwe? Watasema tumewavulia nguo."

Nikasema akishakuwa kwenye sinia, na tui juu yake, hana shingo ya kuonekana.

"Watakaomla kwenye sinia watakuwa wamekwisha kumwona bandani, mwanangu. Wakwe hawaji kula tu. Wanakuja kuchungulia."

Hilo ni kweli. Nimekasirika kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 28 Januari

Baba sasa hutembea na kisu kiunoni kuanzia saa tano asubuhi. Mweupe akifa mwenyewe ni nyamafu, haliwi. Basi Baba anawatazama kama daktari. Akimwona mmoja amelegea shingo, anachomoa kisu, anakimbia, bismillahi, na kuku amehalalika. Jana alikimbia na kiatu kimoja. Leo alikatiza maneno ya mgeni katikati.

Tumefuturu kuku kila siku wiki hii. Majirani wanadhani tumetajirika.

Mishi amenong'ona kwamba siku akiolewa, Baba atakuwa amekwisha kuwahalalisha wote, na wakwe watapewa mchicha. Tulicheka hadi tukaogopa kwa saumu zetu.

Jumatano, 3 Februari

Idi. Kanga mpya, udi nyumba nzima, watoto wa mtaa wamejaa kelele. Sikufikiria kuku tangu Alfajiri hadi Alasiri. Halafu niliwafikiria nikaenda kuwasalimia. Vishingo wamekuwa wakubwa. Jogoo wangu mkubwa amewika, sauti ya kukwaruza, kama mvulana anayesoma Kurani mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Nilimpa mkono wa Idi. Kweli. Nilimpa punje za mahindi nikasema Idi njema. Hakuna aliyeona.

Jumamosi, 13 Februari

Siku ya ajabu. Sijui nianzie wapi.

Wakwe wamekuja kutoka Kikoneni kumalizia maneno ya mahari. Asubuhi Shangazi alinituma kisimani, kisha akanituma tena, nikahisi kuna jambo. Niliporudi mara ya pili vishingo wangu wote walikuwa wamefungwa vipande vya kanga shingoni. Kanga kuukuu, imechanwa mikanda ya vidole viwili, fundo nyuma, kwa ustadi. Mwekundu, manjano, mweusi wenye nukta nyeupe. Shangazi alikuwa anapangusa mikono.

"Wamesitirika," akasema.

Sikuwahi kufungua hata mmoja. Wakwe walikuwa wanapiga hodi.

Wanaume walikaa barazani. Wanawake wakapitishwa uani, na mbele yao Bi Mejumaa, mama yake bwana harusi. Mwanamke mrefu, sauti ya kuita mtu aliye shamba la pili. Alipofika kwenye banda alisimama. Akashika nguzo.

"Jamani! Kuku wenu wamevaa tai. Wanakwenda afisini?"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Mimi pia, Mungu anisamehe. Mama alijificha nyuma ya mlango. Shangazi peke yake hakucheka. Uso ulimwiva, na kabla hajafikiri ulimi ukamtoka:

"Wana mafua. Nimewafunga koo wasishikwe na kifua."

"Mafua? Na jua hili?"

"Mafua mabaya sana."

Bi Mejumaa akarudi nyuma kidogo, akajifunika pua kwa ncha ya buibui. Wenzake nao. Wakaondoka pale, wakaenda kuwasifu weupe.

Nilisimama na ndoo yangu. Shangazi ameniua kwa neno moja, na wala hakukusudia. Mkwe aliyeambiwa kuku ana mafua hatamla kuku huyo, hata umwapie.

Jumapili, 14 Februari

Nimelala vibaya, nimeamka na hasira, na hasira imenisaidia.

Jana jioni sikufungua mikanda. Niliiacha makusudi. Leo saa nane mchana nikamwita Baba. Vishingo wote walikuwa wanahema, midomo wazi, kama wenye manyoya. Siku moja tu ya kitambaa cha vidole viwili! Nikamshika mmoja, nikafungua fundo, nikamweka chini. Tukangoja. Baba alisema ana kazi. Nikasema angoje. Sijawahi kumwambia Baba angoje.

Kuku alifunga mdomo. Akajikung'uta. Akaenda kwenye chakula.

Nikafungua wa pili. Ikawa vilevile. Wa tatu Baba alimfungua mwenyewe.

Alichukua ule mkanda mwekundu, akaukunja, akautia mfukoni mwa kanzu.

Halafu nikamwambia la mafua. Alikuwa hajui. Akasema basi itakuwa weupe, na weupe Inshallah watatosha. Wamebaki wa kutosha kama hawafi zaidi. Hawafi zaidi! Nilitaka kupiga kelele.

Shangazi hasemi nami. Ananipita kama mlingoti.

Jumatano, 24 Februari

Harusi ni keshokutwa.

Upepo ulikatika jana jioni. Leo asubuhi majani ya minazi yalikuwa yametulia kama yamechorwa. Kufikia saa nne mchanga wa uani ulikuwa haukanyagiki. Nilimwagia banda maji, paa na kuta, nikatia magunia mabichi mlangoni. Udongo ulitoa mvuke. Nilikuwa nimewapika.

Walianza saa saba. Mmoja, halafu watatu, halafu sikuweza kuhesabu. Baba alikimbia na kisu. Alichinja hapa, wa pale akaanguka. Alichinja pale, nyuma yake wakaanguka wawili. Alikuwa analia? Labda ni jasho. Mama na mimi tuliwatoa nje tukiwamwagia maji, wakafia mikononi. Wazito sana. Vifua vile vyote.

Alasiri ikawa kimya. Weupe wachache tu wamesimama, pembeni, wamechoka lakini wamesimama. Wale aliowahi Baba tumewagawa kwa majirani wapike leo leo, maana hawatafika Ijumaa kwa joto hili.

Baba aliketi kizingitini, kisu magotini. Akanitazama.

"Na wako?"

"Wanachakura."

Alicheka. Kicheko cha mtu aliyechoka, lakini alicheka.

Kisha Shangazi akaja, akaona, akaanza kulia kwa sauti. Siyo kwa kuku. Kwa mafua. "Nimewaambia wakwe wana mafua! Kwa mdomo wangu mwenyewe!" Mishi alikuwa ndani, amefungiwa kama bibi harusi, liwa ya urembo imemkauka usoni. Alicheka hadi liwa ikapasuka, ikabidi apakwe upya.

Shangazi anataka tuseme wamepona. Nimemwambia hilo litazidisha. Nimemwambia tukaseme kweli. Akasema niende peke yangu. Nikasema uongo si wangu. Nilipomaliza kusema nilishtuka. Sijawahi kuzungumza hivyo na mtu anayestahili shikamoo yangu.

Alinikodolea macho. Kisha akasema, "Tutakwenda na kuku gani?"

Alhamisi, 25 Februari

Tumekwenda Kikoneni, Shangazi na mimi. Nilimchukua jogoo wangu mkubwa kwapani, shingo wazi, bila kitambaa. Njiani watu walimwangalia yeye kabla yetu.

Tulifika jua limekwisha kuwa kali. Tukapiga hodi. Hatukuitikiwa upesi. Tulisikia mbio uani, mlango, mtu akisema "Funika! Funika!", kisha Bi Mejumaa akatoka anahema, kanga ameivaa upande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kheri? Harusi kesho, mbona ghafla?"

Tulikaribishwa uani, tukaletewa maji. Shangazi hakuyanywa. Aliyashika tu. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, na ghafla nikampenda sana.

"Bi Mejumaa, nimekuja na neno. Wale kuku hawana mafua. Hawajapata kuwa na mafua. Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya shingo."

Sikujua nitazame wapi, nikatazama ukutani. Pale palikuwa na tenga kubwa limefunikwa chini juu. Tenga likasogea. Likasogea tena, lenyewe, kuelekea kwetu. Kisha katikati ya fito ikatokeza shingo. Nyekundu. Tupu. Ikamtazama jogoo wangu.

Shangazi aliiona. Aliweka maji chini polepole.

"Na huyo naye ana mafua?"

Bi Mejumaa aliketi mchangani. Alicheka bila sauti, kisha na sauti ile yake, na Shangazi naye akaenda chini, wakashikana mabega, wanalia, wanapigana makofi. "Mimi wangu nimewafunika msije mkawaona!" alisema Bi Mejumaa. "Mngesema mwana wenu anaolewa kwa watu wa kuku uchi!" Wana vishingo tele, chini ya matenga matatu. Huko kwao, mbali na bahari, joto ni zaidi kuliko kwetu, na vishingo ndio peke yao wanaobaki hai. Wanawala kila Ijumaa, ndani, mlango umefungwa.

Alimshika jogoo wangu. Akampima kifua kwa kiganja, kama mimi. Nyusi zikapanda.

"Huyu si kama wangu. Huyu amelishwa nini?"

Nikamweleza. Jike zito la bara, jogoo wetu, nusu kwa nusu, joto linapotokea. Nilieleza kwa muda mrefu, nilijisikia naeleza, na sikuweza kuacha. Shangazi alinisikiliza kama hajapata kunisikia. Labda hajapata. Bi Mejumaa aliuliza maswali ambayo hakuna mwalimu aliyeniuliza: wakipata vifaranga wenyewe kwa wenyewe itakuwaje, jike lisilojua kulalia litatotoa vipi, kifua kikizidi miguu itambeba?

Jogoo amebaki Kikoneni. Sikupanga. Nilimwacha tu mikononi mwake.

Jumamosi, 27 Februari

Mishi ameolewa.

Nataka kuandika yote na usingizi umenijaa. Niandike la kunyonyoa, hilo nisilisahau.

Jana asubuhi Baba alichinja. Anasema tangu ajue kushika kisu hajawahi kuchinja bila kutafuta njia katikati ya manyoya. Hawa walimwonyesha wenyewe. Kisha wanawake wakakaa uani na masufuria ya maji ya moto, sura zimekunjwa tayari, maana kunyonyoa kuku wengi kwa jua ni adhabu. Nikasubiri.

Wa kwanza kumaliza alikuwa Mama. Aligeuza kuku wake huku na huku akitafuta kazi iliyobaki. Shingo hakuna. Kifuani kidogo. Chini ya mapaja karibu hakuna kitu.

"Huyu amekuja amekwisha kujivua," akasema jirani mmoja. "Mgeni gani huyu mwenye heshima!"

"Laiti mume wangu angekuwa mwepesi hivi kwenye kanzu zake."

"Wako unamnyonyoa kwa maji ya moto?"

"Namnyonyoa kwa maneno, na bado yanaota!"

Baada ya hapo hapakuwa na kazi, palikuwa na ngoma. Waliomaliza wakaanza kugombania waliobaki. Shangazi alisimama katikati na mwiko wake, anatangaza kwa kila anayeingia kwamba kuku hawa ni mbegu mpya, wamechanganywa na mwanetu aliyesoma, na shingo yao ni kazi maalumu ya kutoa joto. Alisema "kazi maalumu" kama aliyezaliwa nayo mdomoni. Sikumsahihisha hata palipohitajika.

Wakapakwa tui, wakarudishwa makaani, wakapakwa tena. Wageni wengine walikula pilau ya mbuzi. Masinia ya wakwe yalikwenda na kuku. Nilisimama nyuma ya pazia. Nilisikia vijiko, kisha sikusikia vijiko, watu walikuwa wamehamia vidole. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliomba apewe shingo. "Ile iliyoleta maneno," alisema, na kwa hiyo nikajua Bi Mejumaa amekwisha kusimulia nchi nzima.

Masinia yalirudi na mifupa.

Magharibi Baba alinipita uani. Akasema, "Wakwe wameshiba," akaendelea kwenda msikitini.

Nimecheza. Sijui kucheza. Nimecheza.

Jumanne, 2 Machi

Nyumba imetulia. Kitanda cha Mishi kimetandikwa na hakuna wa kukilalia.

Jana jioni Baba alinieleza alivyoona. Banda nibaki nalo, ahadi ni ahadi. Ila mbata nazo zilinyeshewa mwaka jana, na masika yanakuja. Basi tugawane: upande wa mlango kuku, upande wa ndani mbata. Na kiti cha Mombasa bado kipo, Ami anakuja Alhamisi, si vibaya kusikiliza tena. Alisema kwa upole. Hakuwa ananinyang'anya. Alikuwa ananipa nusu, naye alidhani nusu ni nyingi.

Nilisema ndiyo, Baba. Nikaenda kulala, na sikulala mapema.

Wale weupe wachache waliosimama siku ya Jumatano, sikuwachinja kwa harusi. Waliopita katika moto ule wana kitu ambacho wenzao hawakuwa nacho. Nimewatia pamoja na majogoo vishingo niliowabakisha. Watoto wao nitawachagua tena, na watoto wa watoto. Ni kazi ya miaka. Nimeihesabu miaka hiyo na haikunitisha.

Lakini shingo tupu peke yake haitoshi katika nyumba isiyo na upepo. Hilo nililiona siku niliyotoa mvuke ukutani. Na ghala la mbata linataka kuta.

Leo baada ya Alfajiri, Baba akiwa bado msikitini, nilichukua jembe la Mama nikaanza upande wa kaskazi. Udongo ulikuwa mgumu nje na laini ndani. Nilibomoa kuanzia kiunoni kwenda juu, nikaacha nguzo na fito. Kisha nikazunguka nikabomoa upande wa pili, ili upepo ukiingia upate pa kutokea. Kuku walisogea pembeni wakanitazama, halafu wakaja kuchakura kwenye udongo ulioanguka.

Baba aliporudi nilikuwa naosha miguu. Alisimama nje, akaona mpaka upande wa pili wa banda, mpaka kwenye minazi. Aliuliza mvua nitaizuia na nini. Nikasema makuti yatashushwa chini zaidi. Akasema makuti aliyoyaweka kwa ajili ya mbata yapo, akaingia kunywa chai.

Kwa Ami nimekwisha kupeleka salamu kwa mtu anayevuka leo kwenda Mombasa. Asije Alhamisi kwa ajili yangu. Kile kiti ampe mwingine.